Karibu za Ghorofani

Mehr 2

Daktari wa presha amesema ulimi wangu utaniua. Eti kila nikigombana na mtu damu inapanda, kwa hiyo neno kali likinijia nilimeze, nikifika nyumbani niliandike. Nimenunua daftari nene. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana mpaka nilipostaafu, na tangu mume wangu afariki sina wa kumkaripia humu ndani. Naona hata hili daftari halitatosha.

Mehr, mwezi wa kwanza wa vuli, umeanza, na leo shule zimefunguliwa. Mtaa wetu wa Yusefabad, hapa Tehrani, umeziba tangu asubuhi, kila mzazi na gari lake, kila gari na mtoto mmoja, kwenda shule ambayo hata kuku angefika kwa miguu. Wanapigiana honi na kutukanana vioo vikiwa vimefungwa. Wakikutana dirisha kwa dirisha, kila mmoja anaweka mkono kifuani na kumwomba mwenzake radhi.

Mehr 3

Lifti imeharibika.

Mehr 5

Ghorofa ya pili wameingia wapangaji. Nyumba ni ya Mhandisi Kiyumars, anayekaa juu yangu, ghorofa ya nne. Katika jengo hili hakuna mwanamume asiye Mhandisi au Daktari. Mhandisi Kiyumars anauza vigae vya bafuni. Daktari Farrokh wa ghorofa ya kwanza alisomea magonjwa ya kuku, na hakumaliza. Wakipishana ngazini, "Nisamehe, Daktari," "Tangulia wewe, Mhandisi," mpaka mtu mwenye mzigo nyuma yao atamani kuwasukuma.

Wapangaji ni Heydar, mkewe Golandam, na Bi Sanobar, mama yake Golandam. Wametoka Qaen, mashariki kabisa, jangwani kunakolimwa zafarani. Figo za Bi Sanobar zimegoma, na mara tatu kwa wiki damu yake inasafishwa kwa mashine katika hospitali iliyo juu kidogo ya mtaa wetu. Ndiyo maana wamepanga hapa: kutoka mlangoni hadi kwenye mashine, mgonjwa anaweza kujikokota kwa miguu yake.

Nilimkuta Golandam ngazini. Mimi nilikuwa na mfuko wa vitunguu na ufunguo umeshaingia kwenye kitasa. Nikamwambia lile ambalo Mtehrani yeyote angesema. "Karibuni sana. Mkihitaji chochote, mlango wangu ni mlango wenu. Pita ndani unywe chai!"

Mtu aliyelelewa angejibu kwamba hataki kunisumbua. Ningesema usumbufu gani. Angekataa mara ya pili, ningemshika mkono, angekataa mara ya tatu, tukaachana kila mtu amefurahi na hakuna aliyechemsha maji. Ndiyo taarof yetu hiyo. Ni kama mtu anayekula akakwambia karibu chakula: ameshajua utasema umeshiba, na wewe unajua kwamba anajua.

"Ahsante, mama," akasema Golandam. "Kiu imenishika kweli." Akapita mbele yangu akaingia, akakaa mpaka birika likaisha.

Mehr 9

Amegonga asubuhi na furushi la mashuka ya mama yake. "Ulisema tukihitaji chochote," akasema. "Nahitaji mashine ya kufulia." Nilitafuta kejeli usoni pake sikuiona. Hana. Anayaokota maneno yetu sakafuni kama vitu vilivyotupwa na anakwenda kuvitumia.

Nimefua mashuka. Nimempigia simu dada yangu nikamsimulia, tukamcheka mpaka nikapaliwa.

Mehr 12

Jana Mhandisi alikutana nao kwenye lango. Mimi nilikuwa kwenye kibaraza changu, nikasikia kila kitu.

"Bwana Heydar, hamjafika kwetu! Lazima siku moja mje tule pamoja."

"Lini?" akauliza Golandam.

Mhandisi akakohoa. "Siku yoyote. Nyumba ni yenu."

"Alhamisi?"

"Alhamisi... Alhamisi ni siku njema."

"Tutakuja watatu. Mama hali chumvi."

Nilirudi ndani nikaketi kitandani nikacheka peke yangu.

Mehr 14

Wamekwenda kweli. Mchana mke wa Mhandisi alishuka kuazima kuku kwangu, uso umemvimba. "Bi Mwalimu, hawa watu ni wa namna gani? Unawakaribisha, wanakuja!" Nikampa kuku. Nikamwambia, masikini, pole, ni watu wa shamba hao. Tukakubaliana kwamba mji huu unajaa watu wasio na adabu.

Mehr 20

Golandam amenipandishia sahani ya wali wa zafarani na zereshki, yale matunda yao madogo mekundu machachu. Harufu ilikuwa imefika kwangu kabla yake. Nilikula wote kabla haujapoa, nimesimama jikoni. Sahani hairudishwi tupu, basi nimeirudisha na kopo la biskuti ambalo mke wa Mhandisi aliniletea sikukuu, naye aliletewa na mke wa Daktari Farrokh, na mke wa Daktari nadhani nilimpa mimi. Golandam amelifungua palepale na kuanza kula. "Zimeingia unyevu," akasema, bila ubaya wowote.

Nilimuuliza kama kwao hakuna taarof. Akacheka. "Ipo, mama. Lakini kwetu mtu akikwambia karibu, maji yameshawekwa motoni. Asiyetaka uingie anakusalimu tu anapita."

"Na hamkasirikiani?"

"Kwa nini? Kesho atakutaka uingie."

Huko kwao wote wanajuana hadi majina ya mbuzi. Hapa, mtu niliyemwomba radhi leo sokoni sitamwona tena mpaka kiama, na yeye analijua hilo, ndiyo maana tunapeana mbingu na ardhi. Kutoa kitu ambacho hakitadaiwa hakumgharimu mtu. Nilitaka kumweleza Golandam hivyo, nikaona nitakuwa kama ninayejisifu.

Mehr 26

Vumbi. Nimekaa ndani.

Aban 1

Mvua hakuna. Milima haionekani. Moshi wa magari umelala juu ya mji na hauna pa kwenda.

Aban 6

Kikao cha jengo, nyumbani kwa Daktari Farrokh, kuhusu lifti. Kwanza tulikaribishana viti mpaka chai ikapoa. Halafu Daktari akatoa hotuba. Alisema jengo ni familia. Alikumbuka nyumba za zamani, ua mpana, bwawa katikati lenye samaki wekundu, majirani wakila pamoja chini ya mti, mlango haufungwi. Machozi yalimlenga. Daktari Farrokh amezaliwa Karaj, mji wa jirani, juu ya gereji, ghorofa ya tatu. Mke wake aliwahi kuniambia. Lakini kila Mtehrani amejichimbia kichwani bwawa lake la samaki wekundu, na kadiri anavyopanda ghorofa ndivyo samaki wanavyoongezeka. Mhandisi naye akatoa bwawa lake. Mimi nina langu pia, ila langu lilikuwepo, na lilikuwa linanuka.

Golandam alingoja wamalize. "Mama yangu anarudi kutoka hospitali miguu inamtetemeka," akasema. "Nani atamwita fundi wa lifti?"

Kila mtu akasema yeye. Yaani kila mtu, kwa sauti moja, mkono kifuani: niachieni mimi, ni heshima yangu, naapa siwezi kukubali mwingine ajisumbue. Tulipotoka, hakuna aliyekuwa amekubaliana na mwenzake nani hasa. Jioni kundi la simu la jengo lilijaa picha za maua ya waridi.

Aban 8

Fundi hajaja. Waridi zimeongezeka.

Aban 12

Nimesikia kelele kidogo ngazini, sauti ya Heydar, ambaye kwa kawaida ukimsalimu mara mbili anaona umeongea sana. Anafungasha njugu na matunda makavu katika duka moja huko chini mjini, anaondoka mapema na kurudi amechoka. Nikafungua mlango kidogo. Ndiyo, nilichungulia, nyumba ya mtu mmoja haina sinema nyingine.

Mhandisi anataka nyumba yake. Binti yake anaolewa na wanataka kuitengeneza. Mkataba wa maandishi hakuna. Siku walipoingia, Heydar aliomba waandikiane, na Mhandisi akakasirika kama aliyetukanwa: kati yetu karatasi ya nini, kaeni mpendavyo, nyumba ni yenu mpaka mchoke wenyewe.

"Uliniambia mpaka tuchoke," Heydar alikuwa anasema. "Hatujachoka. Kodi hatujachelewesha hata siku moja. Mama yangu mkwe anatibiwa hapo juu."

"Ndugu yangu Heydar," akasema Mhandisi kwa upole mwingi, "ile ilikuwa taarof."

Nadhani Heydar alikuwa anajaribu kulitafsiri neno hilo katika akili yake. Mhandisi akaongeza kwamba anaumia kuliko wao, kwamba wasifikirie hata kidogo kuharakisha, wachukue muda wao wote, mradi wawe wametoka kabla ya katikati ya Azar.

Aban 13

Kundi la simu: "Tuko pamoja nanyi." "Nyumba zetu ni nyumba zenu." Daktari Farrokh ametia mioyo mitatu. Mke wa Mhandisi, anayewafukuza, ametia minne.

Na mimi nilitia ua.

Aban 17

Heydar amezunguka kutafuta nyumba. Mtaa huu kodi zimepanda kiasi kwamba dalali mmoja alimcheka usoni. Nyumba anazomudu ziko Parand, ule mji mpya wa maghorofa waliyoyapanda nyikani, karibu na uwanja wa ndege. Kutoka huko mpaka kwenye mashine ya Bi Sanobar, kwa foleni za Tehrani, asubuhi nzima inaishia njiani. Mgonjwa wa figo akikosa zamu yake anavimba, na akikosa mara mbili anaweza kufa. Hilo Golandam amenieleza akichambua mboga zangu, maana siku hizi akija hakai bure.

Amesema atawaendea majirani mmoja mmoja. "Wote wameandika kwamba milango iko wazi," akasema.

Nikamwambia, jaribu. Mungu anisamehe, nilitaka kuona watatokaje.

Aban 19

Kwa Daktari Farrokh alikaribishwa chai, akaambiwa yeye ni kama dada, akaambiwa kwa bahati mbaya chumba cha wageni kina maktaba. Maktaba! Kina mashine ya kukimbilia, anaitundikia suruali. Kwa mke wa Mhandisi hakwenda, ana haya. Wale wa ghorofa ya tano hawakufungua mlango, lakini waliandika kwenye kundi kwamba wamesikitika sana kutokuwepo. Taa yao ilikuwa inawaka.

Nimewadharau leo kwa moyo wote. Nyumba tano, vyumba vya akiba visivyopungua vinne, midomo imejaa asali. Niliandika kurasa mbili nzima juu yao hapa, nikazichana, maana hata wino haukustahili.

Aban 21

Lazima niandike hili kama lilivyotokea.

Golandam alikuja alasiri. Hakukaa. Alisimama na mikono ndani ya mikono ya sweta. "Mama," akasema, "kile chumba cha nyuma. Mimi na mama yangu tu. Heydar atakwenda Parand na vyombo, atakuja Alhamisi. Mama haongei sana, analala. Nitapika, nitafua. Mpaka tupate pa kukaa karibu na hospitali."

Chumba cha nyuma kilikuwa cha kusomea cha marehemu mume wangu. Kina kochi, magazeti yake ya miaka na miaka, na mlango ambao sijaufungua tangu majira ya kuchipua. Hakitumiwi na mtu.

Nikaona harufu ya dawa. Nikaona mtu akikohoa wakati nataka kimya, mashuka, viatu vya wageni, Golandam akiniambia biskuti zimeingia unyevu kila siku ya maisha yangu. Nikafungua kinywa kusema hapana. Ni neno dogo. Nimewafundisha wasichana wadogo kuliandika. Badala yake nikasikia sauti tamu, sauti ya mke wa Mhandisi kabisa, ikitoka kwangu:

"Mwanangu, karibu, mguu wako uko juu ya jicho langu! Ningependa nini zaidi? Bahati mbaya mwanangu Siyavash anarudi kutoka ng'ambo, na chumba ni chake. Vinginevyo, naapa nisingewaacha mkanyage pengine."

Siyavash hajarudi kwa miaka saba. Simu zenyewe anapiga akiwa anaendesha gari. Golandam anayajua yote hayo, nilimsimulia mimi mwenyewe, wakati wa chai ile ya kwanza.

Aliniangalia. Sijui niseme uso wake ulifanya nini. Niseme tu kwamba uliacha kungoja. "Mungu amlete salama," akasema.

"Kaa basi unywe chai."

"Ahsante, Bi Mwalimu. Sitaki kukusumbua."

Siku zote ameniita mama. Alishuka taratibu akishika ukuta.

Nyani haoni kundule. Nimeiandika methali hiyo ubaoni mara ngapi, kwa mwandiko mzuri, mgongo nimewapa watoto.

Aban 22

Sina la kuandika.

Aban 26

Serikali imefunga shule kwa sababu ya hewa. Redio inawaambia wazee na wagonjwa wasitoke. Bi Sanobar ametoka, mashine haingoji upepo. Nilirudi na mkate nikamkuta ameketi kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, barakoa imeshuka kidevuni, Golandam anampepea na kadibodi. Daktari Farrokh alikuwa anapanda. Akasimama, akamwambia, "Bi Sanobar, laiti ningekuwa na uwezo ningekubeba kichwani pangu!" Akamruka mguu, akaenda zake.

Bi Sanobar akamtazama mgongo. "Huyu," akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza, "amesema nini?"

"Hajasema kitu," nikamjibu.

Azar 2

Nimemsikia Golandam ngazini akiongea na mke wa Mhandisi. Mke wa Mhandisi alikuwa anasikitika kwamba watahama. Na Golandam, kwa sauti laini, kichwa kimeinama kidogo upande, akasema: "Tukishahama karibuni sana kwetu. Mje wakati wowote. Parand nyumba ni yenu."

Hakutaja jengo. Hakutaja barabara. Hakutaja siku. Mke wa Mhandisi alinipita mlangoni akiwa ameridhika. "Umeona?" akaninong'oneza. "Amekuwa mtu sasa."

Ilituchukua vuli moja tu. Mwanamke alikuja hapa akiwa na maneno yenye uzito, tumemshika huyu huku na huyu huku, tukamkamua, tukamrudishia makopo matupu kama tuliyo nayo sisi, na tunamsifu. Naona aibu. Sijaona aibu hivi tangu nianze kazi, na nikiwa kazini niliwahi kumpiga kofi mtoto asiyekuwa na kosa.

Azar 5

Nimefungua chumba cha nyuma. Nimetoa magazeti, nimemlipa mwokota taka ayabebe. Nimefuta madirisha mara mbili, maji meusi mara zote mbili. Nimehamisha kochi, nikaleta kitanda cha Siyavash, nikatandika mashuka yangu mazuri. Mgongo hauniachi nikae.

Azar 7

Nimeshuka ghorofa ya pili. Maboksi yamejaa barazani. Nikamwambia Golandam: mwanangu hawezi kuja, chumba kiko tayari, njooni mkae wewe na mama yako.

"Bi Mwalimu, Mungu akuzidishie," akasema. "Hatuwezi kukupa taabu."

"Taabu gani! Chumba kimekaa bure."

"Wewe umeshatufanyia mengi. Tutatoa shukrani namna gani?"

"Golandam, nasema kweli."

"Najua," akasema, akatabasamu, mkono kifuani. "Wewe ni mtu mwenye moyo. Siku nyingine, Mungu akipenda."

Mara tatu. Kila kitu mahali pake, sauti, macho, mkono. Ningekuwa mtahini ningempa alama zote. Nilisimama pale natafuta neno ambalo halijatumika, na kila nililoligusa tulikuwa tumeshalichakaza: karibu, naapa, kwa moyo wangu wote, nyumba ni yenu. Nikapanda juu.

Azar 11

Ijumaa. Gari la mizigo lilifika asubuhi, likaegeshwa mbele ya lango, moshi wake ukijiunga na ule mwingine. Jengo zima lilishuka kuaga. Mke wa Mhandisi alishika bakuli la maji la kumwaga nyuma ya gari likiondoka, ili wasafiri warudi salama, maana katika desturi sisi hatukosi hata moja. Mhandisi alimkumbatia Heydar. Daktari Farrokh alisema jengo limebaki yatima, na mkewe akasema kwao kuna kiti cha Bi Sanobar milele. Bi Sanobar alishawekwa kiti cha mbele, blanketi mpaka shingoni, uso rangi ya unga. Jana mashine ilikuwa imeharibika, walimpa zamu ya kesho. Kesho, kutokea Parand.

Nilikuja kuaga tu. Nilikuwa nimevaa ndala. Golandam akanisogelea na maneno yake mapya mazuri, "Bi Mwalimu, utusamehe, tumekuchosha sana," na hapo nikawatolea uvivu.

"Ndiyo, mmenichosha!" nikasema. Watu wakageuka. "Unaongea sana, Golandam. Unafungua kopo la mtu mbele ya macho yake. Mama yako nimesikia anakoroma kupitia sakafu. Mwanangu haji, hajawahi kusema anakuja, nilikudanganya kwa sababu sikuwataka. Bado siwataki sana. Nataka kuketi peke yangu na kusikiliza redio. Lakini chumba nimekisafisha, mgongo umenikatika, na huyu mama akienda Parand atafia barabarani. Unapanda hupandi?"

"Bi Mwalimu!" akasema mke wa Mhandisi.

"Nyamaza wewe, unirudishie kuku wangu."

Golandam alikuwa ameanza kulia. "Hatuwezi," akasema. "Tutakusumbua."

"Mtanisumbua! Nani amesema hamtanisumbua? Mtanisumbua kila siku, nami nitawagombeza kila siku, na mkipata nyumba nitafurahi mkiondoka. Lini utanielewa, mwanamke wewe?"

Alinitazama, akamtazama Heydar, na nikaona kwamba bado hana hakika. Tulikuwa tumemfundisha vizuri mno. Alifungua mdomo, najua alikuwa anakwenda kunishukuru.

Mlango wa mbele wa gari ukafunguka. Bi Sanobar akatoa mguu mmoja, soksi nene ya sufu, akautafutia ardhi.

"Mimi sina muda wa adabu," akasema. "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu. Lifti mbovu."

"Heydar, nibebe."

Heydar akamweka mgongoni. Dereva akauliza sasa vyombo vinakwenda au haviendi, akaambiwa vinakwenda, mwanamume anakwenda navyo, wanawake wanabaki. Ghorofa ya kwanza Heydar alihema, na mke wa Daktari Farrokh, aliyekuwa nyuma yetu, kwa mazoea tu masikini, akasema, "Karibu upumzike kwetu, mama."

"Niweke chini," akasema Bi Sanobar. Akaingia, akakalia kiti chao kizuri cha mahameri, akaomba maji, akayanywa, akapumzika mpaka akatosheka. Daktari alisimama mlangoni kwake kama mgeni.

Juu, alikitazama chumba. "Kidogo," akasema.

"Ndiyo, kidogo."

Akabonyeza kitanda kwa mkono, akalala na soksi zake. Golandam alikaa sakafuni kando yake, amemshika mguu, hajaniambia ahsante hata mara moja, nami sikutaka aniambie. Bi Sanobar anakoroma kweli, hata mchana. Nimesimama kidogo mlangoni nikimsikiliza, halafu nimeshuka tena ghorofa ya kwanza. Daktari Farrokh akafungua, akasema nikihitaji chochote nisisite. Nimemwambia nahitaji gari lake kesho saa moja asubuhi, kumpeleka mgonjwa hospitali, na yeye mwenyewe aendeshe. Mkewe alikuwepo, na wale wa ghorofa ya tano walikuwa wanapita na mifuko yao, hana pa kutokea. Amesema saa moja ni sawa.